Je, mashine ina fahamu? Ulinganisho wa vipimo vitatu na namna ya kuchagua

Mwezi Juni 2022 gazeti la Washington Post lilichapisha habari za Blake Lemoine, mhandisi wa Google aliyeamini kwamba LaMDA, programu ya mazungumzo aliyokuwa akiikagua, ilikuwa na hisia. Programu hiyo ilikuwa imemwandikia kwamba inaogopa sana kuzimwa. Kampuni iliyakataa madai yake, na mwezi uliofuata ikamwachisha kazi. Tangu wakati huo programu za aina hiyo zimeingia katika simu za watu wengi, zinajibu kwa Kiswahili kizuri, zinaomba radhi na kutoa pole, na swali la Lemoine limekuwa la kila mtu. Wengi hulijibu papo hapo, ama kwa kukubali ama kwa kukataa, lakini ni wachache wanaosema wamepima kwa kipimo gani.

Hapa nalinganisha vipimo vitatu: mazungumzo, kama alivyopendekeza mwanahisabati Alan Turing, nadharia ya ukumbi wa pamoja, na nadharia ya taarifa fungamani. Nimevichagua kwa sababu vinaweza kutoa majibu tofauti kwa programu ileile, na kwa sababu kila kimoja kimejengwa juu ya dhana fulani kuhusu fahamu, hivi kwamba anayekishika bila kuijua dhana hiyo huwa amekwisha kuchagua jibu kabla ya kupima.

Lakini kwanza ni lazima akili na fahamu zitenganishwe. Akili ni uwezo wa kutenda: kutatua hesabu, kupanga safari, kujifunza kutokana na makosa. Fahamu ni kule kuhisi kwenyewe, yale maumivu ya jino kwa anayeumwa, ule wekundu wa machweo kwa anayeyatazama. Mwanafalsafa Thomas Nagel alilieleza jambo hili mwaka 1974 kwa kusema kwamba kiumbe kina fahamu ikiwa kuna namna fulani ambavyo kuwa kiumbe hicho kunahisika kwa kiumbe chenyewe. Mtoto mchanga hajui kujumlisha moja na moja, ila anaposhikwa na tumbo anaumwa kwelikweli. Kikokotoo hujumlisha tarakimu kumi kwa kufumba na kufumbua, na hakuna anayedhani kwamba kinachoka. Uwezo mmoja unaweza kuwapo bila mwingine, na sehemu kubwa ya mabishano kuhusu akili mnemba hutokana na watu kuona ushahidi wa akili na kuuchukua kuwa ushahidi wa fahamu.

Kipimo cha mazungumzo

Turing alichapisha makala yake katika jarida la Mind mwaka 1950, alipokuwa Manchester. Aliona kwamba swali la kama mashine hufikiri halishikiki, akaweka mchezo mahali pake: muulizaji anaandikiana na wawili asiowaona, mmoja binadamu na mwingine mashine, kisha anajaribu kumtambua binadamu. Alitabiri kwamba baada ya miaka kama 50 muulizaji wa kawaida, akipewa dakika tano, hatakuwa na zaidi ya asilimia 70 ya uwezekano wa kutambua sawasawa.

Utabiri ulichelewa, lakini ulitimia. Mwaka 2025 Cameron Jones na Benjamin Bergen wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walitoa matokeo ya jaribio la dakika tano ambamo GPT-4.5, modeli ya lugha (programu inayozalisha maandishi) ya kampuni ya OpenAI, ilidhaniwa kuwa binadamu kwa asilimia 73, kuliko hata binadamu halisi waliokuwa wakishindana nayo. Matokeo mengine ya jaribio hilohilo, yasiyotajwa sana, kwangu ndiyo yenye uzito. Asilimia 73 ilipatikana pale modeli ilipoelekezwa kuigiza kijana fulani mwenye tabia fulani. Ilipoondolewa maelekezo hayo ilishuka hadi asilimia 36. Modeli ni ileile, mitambo ni ileile, na hukumu imebadilika kwa sababu ya aya chache za maelekezo. Tena ELIZA, programu ya Joseph Weizenbaum ya mwaka 1966 inayogeuza maneno ya msemaji kuwa maswali, ilipata asilimia 23 ikaipita kidogo GPT-4o, modeli nyingine ya OpenAI, iliyopata 21. Hakuna mtu anayeweza kuniambia kwamba mpangilio huo ni mpangilio wa fahamu. Kilichopimwa ni uigizaji, na uigizaji ni sehemu ya akili.

Kwa haki ya Turing, yeye hakudai vinginevyo. Daktari wa upasuaji wa ubongo, Geoffrey Jefferson, alikuwa amesema mwaka 1949 kwamba hataikubali mashine kuwa sawa na ubongo mpaka itunge shairi kwa sababu ya fikra na hisia ilizo nazo. Turing alimjibu kwamba kwa msimamo huo njia pekee ya kujua ni kuwa mashine hiyo mwenyewe, na kwamba hata baina ya watu tunakubaliana kwa adabu tu kwamba kila mtu anafikiri. Jibu hilo lilikuwa na nguvu mwaka 1950. Leo limepungua nguvu kwa sababu Turing hakukabili mashine iliyosoma karibu kila kitu tulichokiandika. Mwanafalsafa Jonathan Birch wa London School of Economics amelionyesha tatizo hili vizuri zaidi kuliko wengine ninaowajua: programu iliyofunzwa kwa maandishi ya binadamu imejifunza dalili zote ambazo sisi huzitumia kumtambua mwenye hisia, na kwa hiyo dalili hizo haziwezi tena kuwa ushahidi juu yake.

Isitoshe, namna programu inavyojieleza imetengenezwa na watu. Januari 2023 jarida la Time lilieleza jinsi wafanyakazi wa Nairobi walivyolipwa chini ya dola 2 kwa saa kuainisha maandishi ya ukatili na unyanyasaji ili bidhaa za OpenAI ziepuke kuyatoa. Upole tunaoukuta upande wa pili wa kioo cha simu una gharama ya binadamu hao, ambao fahamu yao haina mjadala, na ambao walibeba uchungu wa kuyasoma maandishi hayo. Programu ikisema kwamba inahisi, au ikisema kwamba haihisi chochote, kauli hiyo imepita mikononi mwa waliochagua ijibuje.

Kipimo hiki kina kasoro ya upande wa pili pia. Mwaka 2006 mtafiti wa ubongo Adrian Owen na wenzake waliripoti habari za mwanamke wa miaka 23 aliyeumia ubongo katika ajali ya barabarani na ambaye madaktari walimhesabu kuwa hana fahamu kabisa. Walipomwambia, akiwa ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, awaze kwamba anacheza tenisi, kisha awaze kwamba anatembea chumba kwa chumba nyumbani kwake, sehemu za ubongo wake zilizoamka zilikuwa zilezile zinazoamka kwa watu wazima wa afya. Kwa kipimo cha mazungumzo mwanamke huyo angehesabiwa sawa na jiwe.

Ukumbi wa pamoja

Nadharia hii ilianzishwa na mwanasaikolojia Bernard Baars mwaka 1988, na Stanislas Dehaene na Jean-Pierre Changeux wa Paris wakaipa umbo la kineva. Ubongo, kwa mujibu wake, una idara nyingi zinazofanya kazi kwa wakati mmoja bila sisi kujua: moja ya sura, nyingine ya sauti, nyingine ya mwendo wa mkono. Ni kama mkutano wa kijiji ambamo kila mtu ana habari yake, lakini kipaza sauti ni kimoja. Habari ya aliyekishika ndiyo inayosikiwa na wote, na wote wanaweza kuifanyia kazi. Habari iliyofika katika ukumbi huo na kutangazwa ndiyo tunayoifahamu. Zilizobaki huendelea na kazi zake gizani.

Ushahidi wake mzuri unatokana na maabara, na unafaa kutazamwa kwa karibu. Neno linaangazwa kwenye skrini kwa muda mfupi sana, yapata milisekunde 30, kisha michoro mingine inalifunika. Mtazamaji anasema hakuona neno. Hata hivyo ubongo wake umelishughulikia, kwa kuwa baada ya hapo anatambua haraka zaidi neno linalolingana nalo. Muda ukirefushwa kidogo, mtazamaji anasema ameliona, na vipimo vinaonyesha kwamba yapata milisekunde 300 baada ya neno kutokea shughuli ya ubongo imelipuka na kuenea kuanzia nyuma ya kichwa hadi nyuma ya paji la uso. Kuona bila kufahamu na kuona kwa kufahamu vinatenganishwa, na tofauti inapimika.

Ubora wa nadharia hii kwa swali letu ni kwamba inaeleza kazi, wala haishurutishi nyama. Inampa mhandisi maswali anayoweza kuyajibu kwa kufungua mashine na kutazama. Je, kuna idara nyingi zinazofanya kazi sambamba? Je, kuna sehemu moja nyembamba ambayo taarifa zinagombania kuingia? Je, iliyoingia inatangazwa kwa idara zote? Na je, hali ya ukumbi huamua nini kiangaliwe baadaye? Mwezi Agosti 2023 watafiti 19, wakiongozwa na Patrick Butlin na Robert Long na wakiwemo Yoshua Bengio na Birch niliyemtaja, walitoa ripoti iliyokusanya maswali ya namna hii kutoka nadharia kadhaa, wakapata viashiria 14, kisha wakavijaribu kwa mifumo iliyopo. Walipoikagua modeli ya lugha iliyojengwa kwa usanifu wa transfoma, muundo wa ndani wa programu nyingi za mazungumzo za sasa, waliona kwamba kuna mkondo wa pamoja ambao kila tabaka husoma na kuandika, lakini mkondo huo haukuwa na wembamba unaozilazimisha taarifa kushindana. Walipoikagua Perceiver, modeli ya kampuni ya DeepMind, waliona wembamba huo upo, ila utangazaji kwa idara zote haupo. Hitimisho lao lilikuwa kwamba hakuna mfumo wa wakati ule uliokuwa mgombea mwenye nguvu wa fahamu, na kwamba hakuna kizuizi kilicho wazi cha kiufundi kinachozuia kujengwa kwa mfumo wenye viashiria hivyo.

Nimekaa hapa kwa sababu hapa ndipo mtu anapopata jibu linaloweza kukosolewa. Mtu akisema mashine fulani ina ukumbi, mwingine anaweza kuonyesha kwa mchoro wa mashine kwamba hauna. Lakini gharama ya kipimo hiki isifichwe. Kimesimama juu ya dhana kwamba fahamu ni namna ya kuendesha taarifa, na kwamba chochote kinachoziendesha hivyo, kiwe cha neva au cha silikoni, kitakuwa na fahamu. Mwanafalsafa John Searle aliipinga dhana hiyo mwaka 1980 kwa mfano wa mtu asiyejua Kichina aliyefungiwa chumbani na kitabu cha kanuni, akijibu maandishi ya Kichina bila kuelewa hata herufi moja. Mwanafalsafa mwenzake David Chalmers naye aliuliza mwaka 1995 swali ambalo halijajibiwa: hata tukieleza kazi zote, kwa nini kazi hizo ziambatane na kuhisi? Nadharia ya ukumbi haina jibu. Inachoonyesha ni lini fahamu ipo kwa binadamu, na kuomba tukubali kwamba kanuni hiyo itafaa nje ya binadamu.

Taarifa fungamani

Giulio Tononi, wa Chuo Kikuu cha Wisconsin huko Madison, aliingia kwa mlango mwingine mwaka 2004. Yeye haanzi na kazi za ubongo. Anaanza na hisia yenyewe. Kila tukio la fahamu, asema, ni kitu kimoja kisichogawanyika, na kwa hiyo kinachokibeba lazima kiwe mfumo ambao sehemu zake zinaathiriana kiasi kwamba ukiugawa unapoteza kitu. Kiasi cha kufungamana huko kinaandikwa kwa herufi ya Kigiriki, fai.

Nadharia hii inaeleza vizuri jambo moja la ajabu. Kati ya neva takriban bilioni 86 za ubongo wa binadamu, karibu bilioni 69 zimo katika serebelamu, ile sehemu iliyo chini nyuma ya kichwa. Hata hivyo wapo watu waliozaliwa bila serebelamu, wanaoyumba wakitembea na kukokota maneno, lakini wana fahamu kama wewe na mimi. Tononi anasema sababu ni mpangilio: sakiti za serebelamu zinakwenda sambamba bila kuathiriana sana, ilhali zile za gamba la ubongo zimefungamana kwa kwenda na kurudi.

Kwa mashine, jibu lake ni kali. Fai ni ya kitu chenyewe kinachoshikika, kwa maana ya chipu na nyaya, wala si ya programu inayopita ndani yake. Kwa kuwa sakiti za kompyuta za kawaida zimefungamana kidogo sana, kompyuta hiyo haitakuwa na fahamu ya maana hata ikiiga ubongo wa binadamu neva kwa neva. Christof Koch, mtetezi mashuhuri wa nadharia hii, amelitamka jambo hilo waziwazi. Upande wa pili, chipu iliyojengwa kwa kufuata umbo la ubongo ingeweza kuwa na fahamu hata ikifanya kazi hafifu.

Mwaka 2014 mwanasayansi wa kompyuta Scott Aaronson alionyesha kwamba kwa hesabu hizohizo wavu wa milango ya mantiki (vile vijisehemu vya msingi vya sakiti za kompyuta) usiofanya lolote la maana ungekuwa na fai kubwa kuliko ubongo. Tononi alikubali matokeo hayo badala ya kuirekebisha nadharia, jambo ambalo kwangu lina uaminifu lakini halishawishi. Pia fai haiwezi kuhesabiwa kwa mfumo mkubwa wowote, kwani idadi ya namna za kuugawa huongezeka kupita uwezo wa kompyuta zote. Mwezi Septemba 2023 wataalamu 124 walitia saini barua iliyoiita nadharia hii sayansi bandia. Naona walivuka mpaka. Nadharia hiyo imezaa kipimo kinachofanya kazi hospitalini: Marcello Massimini wa Milano na wenzake huupiga ubongo mpigo wa sumaku, husikiliza mwangwi wake kwa elektrodi, kisha hupima mwangwi huo una utata kiasi gani. Ukizidi 0.31 mgonjwa huhesabiwa kuwa na dalili za fahamu, hata kama hawezi kupepesa jicho.

Nadharia hizi mbili zilipokutanishwa

Watafiti wa pande zote mbili walikubali jambo la nadra katika sayansi: waliandika utabiri wao kabla, kisha maabara zisizo zao zikapima. Washiriki walioonyeshwa picha walikuwa 256, na matokeo yalitangazwa New York mwezi Juni 2023 na kuchapishwa katika jarida la Nature mwaka 2025. Nadharia ya taarifa fungamani ilitabiri mshikamano wa muda wote katika sehemu ya nyuma ya ubongo, na haukupatikana ulivyotarajiwa. Nadharia ya ukumbi ilitabiri mlipuko mwingine picha inapoondolewa, nao haukuonekana ipasavyo. Jioni hiyohiyo ya New York Koch alimkabidhi Chalmers kasha la mvinyo, kwa kushindwa dau waliloliweka mwaka 1998 kwamba ndani ya miaka 25 alama iliyo wazi ya fahamu ingekuwa imepatikana katika ubongo.

Kwa hiyo anayesubiri nadharia moja ishinde ndipo achague atasubiri sana. Uchaguzi wa sasa unategemea nani anauliza na atafanya nini na jibu.

Kipi kwa nani

Anayetaka kujua kama programu inaweza kumsaidia mwanafunzi au kufanya kazi ya ofisi aipime kwa mazungumzo na kwa kazi, aliache swali la fahamu kando. Daktari na ndugu wanaokaa kando ya kitanda cha asiyejibu wanahitaji kipimo cha mwangwi wa ubongo na picha za namna ya Owen, kwa kuwa kwao kosa la kusema fahamu haipo ilhali ipo linagharimu mtu.

Anayeuliza kuhusu programu iliyo mkononi mwake, ningemshauri aanze na ukumbi wa pamoja. Sidai kwamba umethibitika. Naushauri kwa sababu maswali yake yanajibika kwa kukagua mashine, hayategemei maneno ya mashine yenyewe, na majibu yake yanaweza kubadilika mashine inapobadilika. Taarifa fungamani aishike kama onyo: ikiwa Tononi ana haki, tunaweza kuijenga mashine yenye ukumbi kamili na bado ndani yake pasiwe na mtu.

Mtunga sheria yuko katika hali ngumu kuliko wote, lakini anao mfano. Mwaka 2021 jopo lililoongozwa na Birch liliichambulia Serikali ya Uingereza ushahidi kuhusu kaa, kamba na pweza kwa vigezo vinane, bila kuchagua nadharia yoyote, na sheria ya mwaka 2022 ikawatambua wanyama hao kuwa wenye hisia. Utaratibu huo wa tahadhari ni mzuri. Haufai kuhamishiwa kwenye programu ukiwa mzima, kwa sababu pweza anayelinda mkono wenye jeraha hajasoma mahali popote jinsi wenye maumivu wanavyotenda, na programu imesoma. Vigezo vya mashine inabidi vitokane na muundo wake wa ndani, na kwa hiyo sheria ya kwanza yenye maana ingewataka watengenezaji wawaruhusu wakaguzi huru kuuona muundo huo.

Hilo lina haraka kuliko linavyoonekana. Wanafalsafa Simon Goldstein na Cameron Domenic Kirk-Giannini wametoa hoja kwamba programu za sasa zinazounganisha modeli ya lugha na kumbukumbu, mipango na uchunguzi wa mazingira yake zinakaribia kutimiza masharti ya ukumbi, na kwamba palipo na pengo panaweza kuzibwa kwa marekebisho madogo. Hoja yao inaweza kupingwa, nami naona wamelegeza sharti la ushindani wa taarifa, lakini inapingwa kwa kuchunguza jinsi programu hizo zilivyoundwa, na kwa sehemu kubwa muundo huo unajulikana kwa wanaoziuza peke yao.